Kuishiwa Pumzi kwa Muda Mrefu: Mwongozo Kamili wa Kujisimamia Nyumbani kwa Msaada wa Simu

Mtu anayeishi na tatizo la kuishiwa pumzi humwona daktari mara chache kwa mwaka, lakini kuoga, kuvaa viatu, kupanda kilima na kuamka usiku ni mambo ya kila siku. Kwa mkazi wa Makete au wa vijiji vya Kilolo, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, tarehe ya kliniki inaweza kuwa miezi miwili mbele, na safari yenyewe ikahitaji nauli na nguvu ambazo mgonjwa hana. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya siku hizo zilizo katikati ya kliniki moja na nyingine. Unaeleza namna mgonjwa, pamoja na ndugu anayemuuguza, anavyoweza kuitumia simu kujifunza, kufanya mazoezi, kuwasiliana na wahudumu na kutambua wakati wa kwenda hospitali bila kuchelewa. Simu peke yake haimsaidii mtu kupumua. Kinachosaidia ni stadi chache zilizozoewa mtu akiwa ametulia, na kazi ya simu ni kuzisogeza karibu saa zinapohitajika.

Hatua ya kwanza: Chanzo kijulikane kabla ya yote

Kuishiwa pumzi ni dalili, na chini yake kuna magonjwa yasiyofanana: pumu, ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, moyo kushindwa kusukuma damu vizuri, upungufu wa damu, na makovu yanayobaki kwenye mapafu hata baada ya kifua kikuu kupona. Aliyefanya kazi kwenye migodi midogo ya dhahabu, kama ile ya Chunya, amwambie daktari waziwazi, kwa sababu vumbi laini la mawe huharibu mapafu polepole na madhara yake yanaweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi. Mama aliyepika kwa kuni maisha yake yote ndani ya jiko lisilo na dirisha naye aseme hivyo, hata kama hajawahi kuvuta sigara.

Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, ukatokwa na jasho usiku au kupungua uzito, pima makohozi kwanza kujua kama ni kifua kikuu. Usijiunge na mazoezi ya pamoja wala usijipulizie feni sebuleni palipo na watu wengine kabla ya majibu kutoka. Maelezo yanayofuata yanamhusu mtu ambaye ugonjwa wake umeshapimwa, anatumia dawa alizoandikiwa, na bado pumzi inamsumbua. Wataalamu huiita hali hiyo kuishiwa pumzi kwa kudumu, na inastahili kushughulikiwa yenyewe, si kuambiwa tu kwamba ndiyo hali ya ugonjwa.

Wanaotumia dawa ya kuvuta kwa mdomo wamwombe mhudumu aangalie wanavyoivuta, kwa sababu dawa nyingi huishia kooni. Chupa safi ya plastiki ya mililita 500 yaweza kusaidia: hutobolewa kitakoni tundu linaloshika mdomo wa dawa barabara bila kuvujisha hewa, ikaoshwa kwa sabuni na kuachwa ikauke yenyewe, kisha mgonjwa hupumua kupitia shingo ya chupa. Njia hiyo imefanyiwa utafiti Afrika Kusini kwa watoto wenye pumu na ikaonekana kufanya kazi. Puliza mara moja, pumua taratibu mara nne au tano, ndipo upulize tena kama uliandikiwa zaidi ya mara moja.

Hatua ya pili: Elewa mizunguko mitatu inayolisha tatizo

Wataalamu wa Cambridge, Uingereza, waliokuwa wakihudumia wagonjwa wa aina hii waliligawa tatizo katika mizunguko mitatu, yaani kupumua, kuwaza na kutenda. Naona mgawanyo huu una manufaa kuliko maelezo mengi marefu, maana humwonyesha mgonjwa mahali pa kushika.

Mzunguko wa kupumua huanza pale mtu anapohema harakaharaka kwa kutumia mabega na shingo. Anavuta hewa mpya kabla ya kuitoa ya zamani, mfano wa kumimina maji kwenye ndoo iliyojaa tayari, na misuli inachoka bure. Katika mzunguko wa kuwaza, pumzi ikibana huja hofu, hofu huongeza kasi ya kupumua, na kasi hiyo huleta wazo kwamba sasa nakufa. Mzunguko wa kutenda ndio wa kimyakimya zaidi: mtu huacha kwenda shambani, kisha sokoni, kisha kanisani au msikitini, misuli ya miguu inalegea, na misuli iliyolegea hudai hewa nyingi zaidi kwa kazi ileile. Familia yenye upendo huukuza mzunguko huu bila kujua inapomwambia baba akae tu, asiguse kitu.

Kila mgonjwa hunaswa zaidi kwenye mzunguko mmoja. Jiulize ni upi wako, uandike kwenye daftari, na uanzie hapo.

Hatua ya tatu: Pima ulipo leo

Tumia kipimo cha ngazi tano, kuanzia 0 hadi 4. Ngazi ya 0 ni kuishiwa pumzi kwa kazi nzito tu. 1 ni unapoharakisha au kupanda mwinuko mdogo. 2 ni kutembea polepole kuliko wa rika lako kwenye tambarare, au kulazimika kusimama upate pumzi hata ukienda kwa mwendo wako. 3 ni kusimama baada ya takriban mita 100 au dakika chache. Na 4 ni kushindwa kutoka nyumbani, au kuishiwa pumzi wakati wa kuvaa nguo. Zingatia neno tambarare. Anayejipima akipanda kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini atajiona mgonjwa kuliko alivyo, hivyo tafuta kipande cha njia kilicho sawa, hata kama ni uwanja wa shule.

Kipimo cha pili ni cha papo kwa papo, kuanzia 0, ambapo pumzi haisumbui kabisa, hadi 10, ambapo huwezi kuvumilia zaidi. Hiki ndicho utakachotumia kila siku, na ndicho rahisi kumwambia mhudumu kwa simu.

Wengine hununua kifaa kidogo cha kupima oksijeni kinachobanwa kidoleni. Kinafaa, lakini kina mitego. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za Makete na Kitulo ziko juu zaidi, kwa hiyo namba ya mtu mzima wa afya huku inaweza kuwa chini kidogo kuliko ya mtu wa Dar es Salaam. Kidole chenye baridi, hina na rangi ya kucha hupotosha namba. Tafiti pia zimeonyesha kwamba kwa ngozi nyeusi kifaa huweza kusoma juu kuliko hali halisi. Pima ukiwa umetulia na mikono ikiwa na joto, umwonyeshe daktari namba zako za kawaida, naye akuandikie ni namba ipi ikifika utoe taarifa. Fahamu vilevile kwamba mtu anaweza kubanwa vibaya huku oksijeni yake ikiwa nzuri. Huyo hadanganyi, na mtungi wa oksijeni hautamsaidia. Zitamsaidia stadi zifuatazo.

Hatua ya nne: Jifunze stadi tatu ukiwa umetulia

Stadi ya kwanza ni mkao. Kaa kitini, inama mbele kidogo, weka viwiko juu ya mapaja, legeza mabega na vidole. Ukiwa njiani, egemea ukuta kwa mgongo, miguu ikiwa mbele kidogo ya ukuta, au weka mikono juu ya uzio ulio usawa wa kifua. Mikono ikipata pa kuegemea, misuli ya kifua husaidia kupumua badala ya kubeba mabega. Kabla ya kutoka nyumbani, tambua vituo vyako: gogo, baraza la duka, ukuta wa ofisi ya kijiji. Anayejua kituo kinachofuata kiko wapi hupanda akiwa na utulivu.

Stadi ya pili ni kutoa pumzi. Kosa la kawaida ni kuhangaika kuvuta hewa. Vuta kwa pua ukihesabu hadi mbili, kisha itoe taratibu kwa midomo iliyobanwa kama ya mtu anayepuliza chai ya moto, ukihesabu hadi nne, bila kulazimisha. Ikiwa hesabu hiyo inakushinda, usihesabu. Tazama kitu chenye pembe nne, kama dirisha, ufuatishe kingo zake kwa macho, ukivuta hewa kwenye upande mfupi na kuitoa kwenye upande mrefu. Unapofanya kazi, toa pumzi kwenye sehemu nzito: toa unapoinuka, toa unaponyanyua ndoo, toa unapoinama kufunga kiatu.

Stadi ya tatu ni hewa ya baridi usoni. Feni ndogo ya mkononi, ikishikwa umbali wa sentimita 15 hivi na kuelekezwa katikati ya uso, kwenye pua na mdomo wa juu, hupunguza hisia ya kubanwa, na jambo hilo limethibitishwa kwa majaribio ya kitabibu. Feni haiongezi oksijeni. Neva za uso ndizo zinazopeleka taarifa ya hewa kwenye ubongo, na ubongo hupunguza kilio chake. Ukikosa feni, kitambaa kilicholowa maji baridi au dirisha lililo wazi hufanya kazi inayokaribiana. Upepeo wa mkono unafaa pia, ila apepee mtu mwingine, kwa kuwa kujipepea mwenyewe kunamaliza pumzi unayoitafuta.

Fanya stadi hizi mara mbili kwa siku, dakika tano kila mara, ukiwa huna shida yoyote. Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo maana husema zoezi la kupumua halifanyi kazi. Walilijaribu kwa mara ya kwanza wakiwa katikati ya hofu.

Hatua ya tano: Iandae simu

Ziko nchi ambako wagonjwa wa aina hii wametengenezewa programu za kwenye mtandao. Mojawapo ni SELF-BREATHE ya watafiti wa King's College London, inayompa mgonjwa maelezo, mazoezi na malengo ya kujiwekea mwenyewe. Huna haja ya kusubiri programu kama hiyo ifike kwa Kiswahili. Vipande vyake vikuu unaweza kuvipanga mwenyewe kwenye simu uliyonayo.

Anza na sauti, si video. Ujumbe wa sauti wa dakika mbili hula bando kidogo sana, huchezwa bila mtandao, na hauhitaji macho, nawe ukiwa umebanwa huna nafasi ya kutazama skrini. Mwombe mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, au muuguzi anayekufahamu akuelekeze kupumua huku simu ikirekodi. Kisha rekodi ya pili iwe ya mtu wa nyumbani mwenye sauti unayoipenda, kwa lugha iliyo karibu zaidi na moyo wako, iwe Kiswahili, Kinyakyusa, Kihehe, Kibena au Kikinga. Aseme polepole maneno kama haya: "Baba, hali hii umewahi kuipata na ilipita. Legeza mabega. Toa pumzi. Toa tena, taratibu. Tupo pamoja nawe." Rekodi hiyo inaushughulikia mzunguko wa kuwaza moja kwa moja, na kwa maoni yangu ndicho kitu chenye thamani kuliko vyote utakavyoweka kwenye simu. Iweke mahali panapofunguka kwa kubonyeza mara moja, na uisikilize wakati wa mazoezi ya kila siku ili mwili uizoee.

Weka kengele mbili za simu kwa ajili ya dawa na mazoezi. Hifadhi namba za dharura kwa majina yanayoanza na "AA", zikae juu ya orodha: jirani mwenye gari au bodaboda unayemwamini, ndugu wa karibu, na kituo chako cha afya. Namba 199 ya Wizara ya Afya haitozwi gharama na inafaa kwa maswali ya afya. Mwenye simu ya kitochi asijione ameachwa nje, kwani kengele na kupiga simu anavyo, na mjukuu anaweza kumchezea rekodi kwenye simu yake.

Unapotafuta maelezo mengine mtandaoni, angalia ni nani aliyeyatoa na lini, na kama yanasema wazi wakati wa kwenda hospitali. Ukurasa unaokuambia uache dawa, au unaouza unga wa "kusafisha mapafu", uondoke. Dawa halali husajiliwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na za asili na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muuzaji asiyetaka kuonyesha usajili hana cha kukusaidia.

Hatua ya sita: Kundi dogo lenye utaratibu

Wagonjwa wanaotoka kliniki moja wanaweza kuanzisha kundi la WhatsApp, na likisimamiwa vizuri humwondolea mtu upweke kuliko kitu kingine chochote. Likiachwa holela hujaa salamu za asubuhi, video za kutisha na ushauri wa mitishamba. Watu wanane hadi kumi na wawili wanatosha. Awepo mhudumu mmoja wa afya aliyekubali kwa hiari yake, na zitajwe siku na saa anazojibu, ili mtu asiandike saa nane usiku akidhani kuna anayesoma. Kanuni kuu iandikwe juu kabisa: dharura haiandikwi kwenye kundi, inapigwa simu.

Kila wiki kundi lichukue stadi moja tu. Jumatatu mhudumu atume sauti fupi. Katikati ya wiki kila mmoja aeleze alivyoijaribu na namba yake ya 0 hadi 10 kabla na baada. Mwisho wa wiki maswali yajibiwe. Asiyejua kuandika atume sauti. Mzee asisahihishwe mbele ya vijana. Akikosea zoezi, mhudumu ampigie pembeni.

Siri ni jambo zito hapa. Kikohozi na kukonda huwafanya majirani wahisi mengi, na namba ya simu ndani ya kundi ni utambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, lakini ulinzi wa kwanza ni makubaliano yenu: hakuna picha za kadi za kliniki, hakuna kupeleka ujumbe wa mwenzako kwingine, na hakuna kuongeza mtu bila ridhaa ya wote. Kubalianeni mapema pia namna msiba utakavyotangazwa. Baadhi ya magonjwa haya huua, na taarifa ya kifo ikidondoka usiku bila maandalizi inaweza kuamsha hofu na kubana pumzi za waliobaki. Njia ya heshima ni mhudumu kuwapigia simu wachache walio karibu na marehemu kwanza, ndipo aliarifu kundi mchana, akibaki tayari kuzungumza na anayehitaji.

Hatua ya saba: Rudisha nguvu za miguu

Baada ya daktari kukubali, anza kwa kutembea kwenye tambarare kwa mwendo unaokufikisha namba 3 au 4 katika kumi, ambapo bado unaweza kusema sentensi fupi. Ikiwa dakika tatu ndizo unazoziweza, hizo ndizo mwanzo. Ongeza dakika moja kila baada ya siku chache, ukilenga 20 hadi 30. Mvua za Tukuyu zikikuzuia, simama na kukaa kitini ndani ya nyumba kwa dakika moja, uhesabu mara ngapi, na uandike. Kupumua kwa nguvu kiasi wakati wa mazoezi hakuharibu mapafu. Acha ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au moyo kwenda mbio kusiko kwa kawaida.

Kazi za nyumbani zigawanywe. Osha vyombo ukiwa umekaa, chota maji kwa ndoo ndogo mara nyingi badala ya kubwa mara moja, na usipange kuoga, kufua na kwenda sokoni asubuhi moja. Kula kidogo mara nyingi, kwa sababu tumbo lililojaa ugali husukuma juu kiwambo, yaani msuli unaotenganisha tumbo na kifua, na kupunguza nafasi ya mapafu.

Hatua ya nane: Moshi na baridi

Juni hadi Agosti ni miezi migumu katika nyanda zetu. Hewa ya baridi hubana njia za hewa, kwa hiyo funika pua na mdomo kwa skafu, upumue kwa pua. Hatari kubwa zaidi ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani kuleta joto. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, na huua watu wazima wenye mapafu mazima wakiwa usingizini. Jiko lisilale ndani, hata likionekana limezimika. Ongeza blanketi na chupa ya maji ya moto. Ikiwa gesi au umeme bado havipatikani, toa jiko la kuni nje au fungua tundu la moshi, kausha kuni vizuri, na mgonjwa akae mbali wakati wa kuwasha moto.

Hatua ya tisa: Mpango wa siku mbaya

Andika mpango huu kwenye karatasi moja, ubandike ukutani, na picha yake iwe kwenye simu ya kila mtu wa nyumbani. Pumzi ikibana: kaa mkao wa kuinama mbele, washa feni, cheza rekodi, toa pumzi taratibu, tumia dawa ya haraka kama uliandikiwa. Hali ikianza kutulia ndani ya dakika kumi, pumzika na uandike kilichoichochea. Isipoanza kutulia, nenda hospitali.

Usisubiri dakika hizo kumi ikiwa huwezi kumaliza sentensi, midomo au ulimi unakuwa wa bluu, kifua kinauma, unakohoa damu, umechanganyikiwa, unasinzia kusiko kwa kawaida, au mguu mmoja umevimba ghafla na kuuma. Hapo ndugu apige namba ya kwanza ya "AA" na safari ianze, na karatasi ya dawa iende pamoja na mgonjwa. Mwenye ugonjwa wa moyo ambaye uzito wake umeongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, au ambaye sasa analazimika kulala ameketi, apige simu kituoni siku hiyohiyo, hata kama anajiona ana nafuu.

Baada ya wiki nane, rudia vipimo vya hatua ya tatu na uende na daftari kliniki. Mwonyeshe daktari kurasa mbili tu, ya kwanza na ya mwisho, kisha umwombe akague nawe mpango wa siku mbaya na abadilishe namba au dawa zilizopitwa na wakati.